Mtoto wa miezi minne na nusu: maziwa yangu yamekuwa maji, nimwanzishe uji?

*"Niko Bukavu, nauza nyanya na mboga soko la Kadutu. Mtoto wangu wa kiume ana miezi 4 na nusu. Alizaliwa na kilo 3.1, mwezi wa tatu alikuwa na 5.9, mwezi wa nne 6.4. Natoka nyumbani saa moja asubuhi, narudi saa tisa, anabaki na mama mkwe. Mbele matiti yalikuwa yanajaa mpaka yanamwagika, sasa ni laini kabisa. Jioni mtoto analia sana, usiku ananyonya karibu kila saa. Mama mkwe anasema maziwa yangu yamekuwa maji, na yale yanayokaa kwenye titi siku nzima yanaharibika kwa jua, nikifika niyakamue niyamwage. Mchana anampa maji ya sukari, na juma lililopita alimpa uji wa muhogo. Mtoto alilala vizuri, kesho yake akahara, sasa imeisha. Je, nianze uji? Na kama ni mapema, siku ikifika nianze na nini? Maziwa ya kopo siyawezi."*

Mama, kabla hujamsikiliza mtu yeyote, hata mimi, fungua kadi ya kilo ya mtoto wako. Alizaliwa na 3.1, sasa ana 6.4. Ndani ya miezi 4 uzito wake umezidi mara mbili, na mwezi wa mwisho peke yake ameongeza gramu 500. Mtoto anayenyonya maji hafiki hapo. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinamweka mtoto wa kiume wa katikati kwenye kilo 6.4 akiwa na miezi 3, 7.0 akiwa na 4, 7.5 akiwa na 5 na 7.9 akiwa na 6. Wako yuko chini kidogo ya katikati, mahali walipo watoto wengi wenye afya nzuri, na mstari wake unapanda sambamba na ile iliyochapwa kwenye kadi. Ona pia jinsi hatua zenyewe zinavyofupika kadiri miezi inavyokwenda. Akiongeza gramu 400 mwezi ujao usishtuke. Cha kuogopa ni mstari unaolala au kushuka.

Kwa hiyo uji bado. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekuacha peke yako na kilio cha jioni na usiku usio na usingizi, na hayo mawili yana sababu zake.

Tuanze na matiti kuwa laini. Juma za kwanza mwili haujui mtoto anahitaji kiasi gani, kwa hiyo unatengeneza kwa kuzidisha, matiti yanajaa, yanauma, yanamwagika. Kati ya juma la 6 na la 12 mwili unakuwa umejifunza, na maziwa mengi yanatengenezwa wakati mtoto anaponyonya. Titi laini ni titi lililoelewana na mtoto. Kiasi chenyewe hakibadiliki sana: tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita mtoto hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, kwa sababu mwendo wa kukua kwake unapungua kadiri mwili unavyoongezeka. Dhana ya kwamba mtoto wa miezi 5 lazima anywe mara mbili ya yule wa miezi 2 ndiyo inayowatia akina mama wengi hofu bure.

Kuhusu maji: ni kweli, karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, na ndiyo maana mtoto hahitaji kunyweshwa maji mengine hata jua likiwa kali. Ukianza kunyonyesha yanatoka mepesi, yenye rangi kama ya samawati. Titi likizidi kupungua ndipo mafuta yanapoongezeka. Ukikamua matone mawili ya mwanzo na kuyatazama kwenye mwanga utadhani ni maji kweli. Mwache mtoto amalize titi la kwanza mpaka aliachilie mwenyewe, ndipo umpe la pili.

Na jua? Maziwa yaliyo ndani ya titi hayachachi, hata ukikaa sokoni kutwa. Mwili wako una joto lile lile la nyuzi 37 ukiwa chini ya jua la Kadutu au kitandani. Ukifika nyumbani, nawa mikono, pangusa vumbi na jasho kwa maji safi tu bila sabuni, umpe mtoto titi papo hapo. Yale unayoyamwaga ni chakula chake cha mchana.

Sasa usiku. Piga hesabu na mimi. Kuanzia saa moja hadi saa tisa ni muda wa saa 8. Mtoto anayehitaji mililita 750 au zaidi kwa siku, katika saa hizo angekunywa kama mililita 250. Yeye anapewa maji ya sukari, ambayo yanajaza tumbo bila kumlisha. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya mwili, yaani wako anaingiza kama mililita 190 kwa mara moja. Kikombe kidogo cha maji ya sukari kinachukua nafasi ya mnyonyo mzima. Ukirudi, anadai deni lake. Analia jioni, na usiku anakusanya kila alichokosa mchana. Hiyo ni akili ya mwili wake, na imesaidia: ndiyo maana kilo bado zinapanda. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo minyonyo hiyo inayokuchosha ndiyo inayolinda maziwa yako.

Kinachoharibu mambo ni pale mchana unapozidi kujazwa vitu vingine. Titi linatengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa kwa muda mrefu, kuna kitu ndani ya maziwa yenyewe kinacholiamuru lipunguze kazi. Mtoto aliyeshiba uji ananyonya kidogo, titi linapunguza, kesho maziwa ni machache kweli, bibi anaona alisema kweli, uji unaongezwa. Ndani ya juma chache mama aliyekuwa na maziwa ya kutosha anajikuta hana, na kila mtu nyumbani anaamini uji ndio uliomwokoa mtoto.

Kwa nini basi alilala vizuri siku ile? Muhogo ni wanga karibu mtupu. Kongosho la mtoto wa umri huo bado halitoi kimeng'enya cha kutosha cha kusaga wanga, hivyo uji unakaa tumboni kwa uzito na mtoto analala. Kulala huko hakumaanishi ameshiba chakula bora. Kuhara kwa kesho yake siwezi kusema kwa uhakika kulitoka wapi, ila kwanza ningetazama maji, kikombe, kijiko na mikono. Katika mji ambao maji yanabebwa kwa bidoni na kipindupindu kinarudi mara kwa mara, kila kijiko kinachoingia kinywani kabla ya wakati ni mlango mmoja zaidi. Ndugu aliye Ubelgiji akikuambia daktari wake anaruhusu kuanza baada ya miezi 4, si uongo, kule wengine wanaruhusu hivyo. Lakini bomba lake lina maji safi saa zote, na hata yeye haambiwi ni lazima. Kwako miezi 6 kamili, siku 180, ndiyo hesabu salama.

Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi. Kama hujapata hedhi tangu kujifungua, mtoto hajafika miezi 6 na ananyonya titi tu, usiku na mchana, kunyonyesha kwenyewe kunakukinga sana na mimba. Sharti moja likianguka, kinga inapungua. Maji ya sukari na uji vimeshaingia, na saa 8 bila kunyonyesha ni nyingi. Ongea na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango juma hili.

Kwa juma 6 hizi zilizobaki una njia tatu. Iliyo bora ni kukutana na mtoto mchana: bibi au dada akuletee sokoni mara moja, kama saa tano, au uende naye mgongoni siku ambazo mzigo si mkubwa. Najua vumbi na msongamano wa Kadutu, sikusukumi kufanya hivyo kila siku. Njia ya pili ni kukamua. Ya tatu, maziwa ya kopo, umesema huyawezi, nami nakuunga mkono: akina mama wakishaanza wanalazimika kuyarefusha kwa maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na hapo ndipo mtoto anapokonda.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Kanda titi taratibu dakika moja au mbili. Weka kidole gumba juu na vingine chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu, pembeni mwa ile duara nyeusi. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana vidole pamoja, achilia, rudia. Usivute chuchu wala usiteleze vidole juu ya ngozi. Ukisikia maumivu, umekosea mahali. Dakika ya kwanza huenda kisitoke kitu, ndipo wengi wanapokata tamaa. Endelea, zungusha vidole pande zote za titi, hamia titi jingine linapopungua, urudi tena. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Siku za kwanza utapata mililita 30 au 40, na hicho si kipimo cha maziwa uliyo nayo, kwa kuwa mtoto anatoa vizuri kuliko mkono. Anza kukamua alfajiri, baada ya mnyonyo wa kwanza, uongeze mara moja jioni. Mchana sokoni titi likikaza, kamua kidogo ili lisikae limejaa.

Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa salama kwa muda wa saa 4 mahali pa kivuli ndani ya chombo kilichofunikwa. Bukavu kuna ubaridi, na kama vyombo vilikuwa safi kweli yanaweza kudumu muda wa saa 6. Ya jioni hayafiki kesho yake bila friji, kwa hiyo kama huna, yape mtoto usiku ule ule na utegemee ya alfajiri. Weka kikombe ndani ya ndobo yenye maji baridi. Usiyachemshe, yatie joto kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto kidogo. Na mpeni kwa kikombe, si kwa bibero, yaani chupa ya kunyonyea, maana bibero ni vigumu kuisafisha na inamfundisha kunyonya kwa namna nyingine. Mtoto akae wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe. Maziwa yasimiminwe kinywani.

Kazi hiyo ya kikombe mpe mama mkwe wako kwa heshima. Ameona watoto wakifa, anaogopa njaa, na hofu yake ina mizizi hapa kwetu: bwaki, ule utapiamlo wa kuvimba mwili, imezika watoto wengi wa Kivu, mpaka Comité Anti-Bwaki ikaundwa Bukavu kwa ajili yake. Nenda naye siku ya kupima kilo, muuguzi amwonyeshe mstari kwenye kadi. Mwambie pia kwamba bwaki iliwapata hasa wale walioachishwa titi na kulishwa muhogo mtupu. Yeye ndiye atakayempikia mjukuu miezi 6 ikifika, na hapo ndipo msaada wake utakapohitajika kweli.

Siku 180 zikitimia, hali inageuka na kuchelewa kunakuwa hatari. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Wakati huo huo anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku juu ya maziwa. Kati ya miezi 9 na 11 zinakuwa 300, na kuanzia mwaka mmoja 550. Atakuwa anakaa akishikiliwa, shingo imara, na ulimi hausukumi tena kijiko nje. Kutazama tu watu wakila si dalili, watoto wa miezi 4 wanatazama kila kitu.

Kosa kubwa ninaloliona ni uji mwepesi. Vijiko 2 vya mezani vya unga ndani ya kikombe cha mililita 250 ni gramu 20 hivi, yaani kilokalori 70 tu kikombe kizima. Mtoto anajaa maji na kubaki na njaa. Uji huo ndio unaostahili lawama wanayoyapa maziwa yako. Tumia vijiko 4 vilivyojaa kwa kikombe hicho hicho. Koroga unga kwanza kwa maji baridi, pika dakika 10 hadi 15 kwa moto mdogo wa mbabula, jiko la makaa. Ukiwa karibu kuiva tia kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizosagwa laini kabisa na kijiko kidogo cha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, yenye vitamini A. Sasa una kama kilokalori 280, mara nne ya ule mwepesi. Upime hivi: inamisha kijiko, uji mzuri unashikilia, haukimbii.

Unga wenyewe uwe wa mahindi na mtama pamoja na soya, sehemu 3 za nafaka kwa sehemu 1 ya soya. Soya lazima ikaangwe mpaka ibadilike rangi na kunukia, imenywe, ndipo isagwe; isiyoiva ina kitu kinachozuia mwili kusaga protini, na mtoto anavimba tumbo na kuhara. Nunua au saga wa juma 2 au 3 tu, mafuta ya soya yanageuka ladha. Mahindi au karanga zenye ukungu zitupe, kuziosha hakuondoi sumu yake.

Uji ukiwa mzito mno mtoto akashindwa kumeza, usiongeze maji. Tumia kimea. Loweka mtama usiku mmoja, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 uchipue, uanike ukauke, kisha sugua uondoe machipukizi na mizizi yote, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu. Saga. Kijiko kidogo kimoja, ukikoroga ndani ya uji ulioiva na kupoa kidogo, kinaulainisha ndani ya dakika 10 bila kupunguza chakula kilichomo. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa.

Uji hata ukiwa mzuri haubebi chuma cha kutosha, kwa hiyo tangu juma la kwanza weka kitu cha mnyama. Hapa tuna sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Chagua wakavu wasio na harufu mbaya, osha utoe chumvi na mchanga, kausha tena kwenye sufuria, twanga, chekecha mifupa. Anza na kijiko kidogo ndani ya uji, baada ya juma moja au mbili kijiko cha mezani kila siku. Yai liive kabisa, lipondwe. Maini kijiko kimoja, mara moja kwa juma au mbili. Maharagi yaloweke usiku, mwaga maji yale, pika mpaka yalainike, ponda na kuchuja maganda. Lengalenga, yaani mchicha, ikatwe ndogo sana. Sombe, majani ya muhogo, ni nzuri ikiwa imetwangwa na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko, ile ya haraka ina sumu ya muhogo. Avoka na ndizi mbivu hazihitaji hata moto. Leta kitu kipya kimoja kwa wakati, ungoje siku 2 au 3, uone kama ngozi au tumbo linalalamika.

Kiasi: vijiko 2 au 3 vya mezani mara 2 kwa siku mwanzoni, upande polepole mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 au 3, kabla ya miezi 9. Kutoka 9 nusu kikombe mara 3 au 4, na kipande cha tunda katikati. Kutoka mwaka mmoja robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Awe na sahani yake ili uone alichokula. Titi linaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Chai hapana kabisa, inazuia chuma. Karanga nzima zinakaba koo. Mabaki ya asubuhi yasingojee jioni. Na maji anayoanza kunywa sasa yachemshwe au yatiwe klorini.

Kama una virusi vya UKIMWI, bado unanyonyesha, ukinywa dawa zako kila siku, na kuchanganya titi na uji kabla ya miezi 6 ndiko kunakohitaji kuepukwa zaidi. Usiache titi wala dawa bila kuongea na kituo.

Usingoje siku ya kilo, nenda kituo cha afya leo, ikiwa mtoto anakataa kunyonya au analegea, anatapika kila kitu, ana homa, degedege, anapumua haraka au kifua kinaingia ndani, anahara damu, au macho yamezama na hakojoi. Akihara kwa kawaida, titi liongezwe, apewe maji ya ORS, yale ya pakiti yenye chumvi na sukari, kama muuguzi atakavyoonyesha, na zinki: miligramu 10 kwa siku kabla ya miezi 6, 20 baada yake, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Miguu yote miwili ikivimba na kubaki shimo ukiibonyeza, hiyo ni bwaki mpaka ithibitishwe vingine. Akishafika miezi 6 mkanda wa kupimia unene wa mkono ukisoma chini ya milimita 115 ni hatari, kati ya 115 na 125 ni onyo.

Kwa sasa pimisha kilo baada ya juma 2, uhesabu mikojo: 6 au zaidi kwa siku, yenye rangi nyepesi, inaonyesha maziwa yanatosha. Mikojo ikipungua, au mstari ukilala, omba muuguzi akutazame ukinyonyesha mnyonyo mzima, mwanzo hadi mwisho, maana mara nyingi tatizo ni namna mtoto anavyolishika titi, na hilo haliwezi kuonekana kwa maandishi. Siku ya kutimiza miezi 6 dai pia vitamini A, uniti 100,000, apewe kinywani hapo hapo kituoni na iandikwe kwenye kadi.